Hoteli, Genge na Mama Ntilie: Kula Nje ya Nyumba katika Mji wa Tanga

Waandishi wengi washikapo kalamu kueleza utamaduni wa Taifa letu huanza na ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Hawakosei. Hata hivyo mwananchi aishiye mjini haendi ngomani kila siku, wala hasikii shairi likighaniwa kila asubuhi. Bali kula hula kila siku, na kwa mfanyakazi wa mjini aghalabu mlo mmoja au miwili kati ya milo yake huwa nje ya nyumba yake. Hapo mezani hukutana na lugha, adabu, dini, kabila na tabaka, pasipo mwalimu wa kumfundisha. Insha hii yakusudia kueleza historia ya meza hiyo katika mji wa Tanga: ni nani aliyepika, ni nani aliyekula, ni nani aliyeandaa, na kwa ujira gani.

Tumeuchagua mji wa Tanga kwa kuwa si mkubwa mno hata mambo yake yakapotea machoni, wala si mdogo hata ukakosa bandari, reli, mashamba makubwa na watu wa kila kabila. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 iliukuta mji huo una watu wapatao 61,000, na ile ya mwaka 1978 watu wapatao 103,000. Hadhi ya jiji uliipata mwaka 2005.

Tuanze na desturi ya zamani, maana bila kuijua hatutafahamu kwa nini hoteli ilichukiwa kwanza. Mwungwana wa pwani hakula njiani. Msafiri aliyefika mjini alikuwa na mwenyeji wake, ndugu au rafiki wa baba yake, au mtu wa kabila lake. Na kama hakuwa na yeyote, msikiti haukukosa mtu wa kumwita nyumbani. Mgeni aliandaliwa maji ya kunawa, mkeka na sinia, akala pamoja na wanaume wa nyumba hiyo. Methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, yaonyesha kwamba ukarimu huo ulikuwa na mpaka wake, lakini hata mpaka wenyewe ulikuwa wa jembe, si wa fedha. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, ameeleza kwa urefu jinsi mtoto alivyofunzwa adabu mbele ya watu wazima. Na katika malezi ya namna hiyo kutafuna barabarani kulikuwa jambo la aibu. Waliokula nje walikuwa watumwa, wapagazi na mabaharia, watu wasio na nyumba mjini. Kitu kimoja tu ndicho kilichosameheka, nacho ni kahawa. Muuza kahawa alipita na dele lake na makaa chini yake, akigonganisha vikombe ili asikike, na wazee waliokaa barazani wakanywa bila kuvunjiwa heshima. Ndiyo maana mahali pa kula pa kulipia pakaitwa mkahawa, au mgahawa, yaani mahali pa kahawa, hata kama hapana hata tone la kahawa.

Mambo yaligeuzwa na reli na mkonge. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na kufikia mwaka 1912 garimoshi lilikuwa likienda hadi Moshi. Katika mwaka huo huo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, nayo iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalitoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa nchi iliyoongoza duniani kwa mkonge. Mashamba yalitaka mikono, na wenyeji wa karibu, Wadigo, Wabondei, Wasegeju na Wasambaa, hawakuona sababu ya kuacha mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo watu walitolewa mbali: Unyamwezi, Ubena, Uha, Umakonde, hata Burundi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na malori yake yakawa yakienda na kurudi kutoka majimboni.

Manamba wengi walikuja bila wake zao. Shambani walipewa posho ya unga, wakajipikia. Lakini yule aliyemaliza kipande chake akaingia mjini na mshahara mfukoni, na yule aliyeacha mkonge akawa kuli wa bandarini au mjenzi wa reli, hakuwa na jiko wala mke, wala mwenyeji wa kumwandalia sinia. Hapo ndipo lilipozaliwa genge. Neno hili lina maana mbili katika Kiswahili: ni kundi la watu wafanyao kazi pamoja, na ni mahali pa kuuzia vyakula vidogo vidogo. Asili yake ni neno la Kiingereza la kundi la vibarua. Maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Palipokuwa na kundi la vibarua palikuja mtu na chungu. Na baada ya muda jina la walaji likawa jina la mahali pa kulia. Mimi naona historia ya nusu ya karne ya kazi imejificha ndani ya neno hilo moja, nalo latumika kila siku sokoni bila mtu kulitazama mara ya pili.

Wakati wa ukoloni, basi, mjini Tanga palikuwa na meza tatu zisizokutana. Ya kwanza ilikuwa ya Wazungu. Wajerumani walikuwa na hoteli iliyoitwa Deutscher Kaiser, yaani ya mfalme wao mkuu, na vita vya Novemba 1914 vilipofika mjini, hoteli hiyo ikawa moja ya majengo yaliyopiganiwa. Waingereza walipotawala, wenye mashamba ya mkonge walikutana katika Planters Hotel, na jina lenyewe latosha kueleza ilikuwa ya nani. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa nyuma, akiwa amevaa kanzu nyeupe na mkanda, amebeba sahani. Meza ya pili ilikuwa ya Wahindi na Waarabu, katika maduka ya chai na migahawa ya mjini. Ya tatu ilikuwa genge. Sheria haikuhitaji kuandika kila mahali kwamba fulani asiingie. Bei, mavazi na jicho la mwenye kaunta vilifanya kazi hiyo.

Katika meza hizo tatu, ile ya pili ndiyo iliyofungua mlango kwanza, na ndiyo inayostahili kukaliwa kidogo. Mtaa wa Ngamiani, wenye barabara zilizonyooka zinazojulikana kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja, ulijaa hoteli ndogo ndogo. Katika Kiswahili cha bara na pwani, hoteli si lazima iwe na kitanda. Hoteli ni mahali pa chai na chakula, na mwenye kutaka kulala huuliza nyumba ya wageni. Mwenye hoteli alikuwa Mhindi, au Mshihiri kutoka Hadhramaut, na baadaye Mwafrika. Kazi ilianza saa kumi za alfajiri kwa kuwasha kuni. Mpika chapati alikaa karibu na mlango, mbele ya chuma chake, ili harufu imwite mpita njia. Hilo lilikuwa tangazo lisilohitaji kusomwa. Ndani palikuwa na meza ndefu na mabenchi, beseni la kunawia pembeni, na kabati la kioo lenye maandazi, vitumbua, sambusa na bajia. Mhudumu hakuandika. Alisikia maagizo ya watu sita, akayapigia kelele jikoni kwa mpangilio wake: chai ya rangi moja, ya maziwa mbili, mbaazi moja, chapati nne. Mlaji aliposimama kuondoka, mhudumu huyo huyo alimtangazia mwenye kaunta aliyekaa juu karibu na mlango kiasi cha kulipa, shilingi moja na sumni, na mteja akalipa bila karatasi. Kumbukumbu ya namna hiyo ni elimu, ingawa hakuna aliyeitolea cheti.

Tazama maneno ya hoteli hiyo. Meza tumeipata kwa Wareno, sahani na kahawa kwa Waarabu, chapati na bajia kwa Wahindi, hoteli yenyewe kwa Waingereza, na wali, mchuzi, nazi na mwiko ni vyetu tangu asili. Mlaji hafikirii hayo. Anataka chai yake. Lakini mwanafunzi wa historia aonaye orodha ya vyakula ubaoni anaona pia orodha ya majahazi na meli zilizotia nanga pwani yetu.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa baina ya walaji wenyewe. Mbena aliyezoea ugali, Mdigo aliyezoea wali wa nazi na samaki, na Mha aliyezoea maharage, walikaa benchi moja, kiwiko kwa kiwiko, na lugha ya kuagizia ilikuwa moja. Hapo ndipo desturi ya uungwana ilipoingia hotelini badala ya kufa mlangoni. Mtu aliyeanza kula, akija mwingine kukaa mkabala naye, alimwambia karibu. Naye mgeni, ingawa hawajuani, alijibu ahsante, au starehe. Chakula kimelipiwa kwa fedha, na wote wawili wajua kwamba hakitagawanywa, lakini neno lazima lisemwe. Asiyesema huonekana hakulelewa. Wako wanaodai kwamba hoteli imeua ukarimu wa Mwafrika. Nawaomba waende wakakae nusu saa kwenye benchi lolote la Ngamiani kabla ya kuandika hivyo tena. Kadhalika mwezi wa Ramadhani hoteli za wenyeji hufungwa mchana, au huteremsha pazia mlangoni ili asiyefunga ale bila kumkera aliyefunga. Pazia hilo ni mkataba ambao watu wa dini mbalimbali wameuheshimu pasipo kutia saini.

Sasa tuwatazame waliohudumu. Katika hoteli za Wazungu mtumishi aliitwa boi, hata akiwa na wajukuu. Mpishi aliyeweza kutengeneza vyakula vya Kiingereza kutwa nzima, bila kuruhusiwa kuvila mezani, aliitwa vivyo hivyo. Saa za kazi zilikuwa za kukatika katika: alfajiri kwa chai ya asubuhi, mchana kwa chakula kikuu, jioni hadi usiku wa manane kwa wanywaji, na saa za katikati hazikuhesabiwa kuwa kazi, ingawa hazikumtosha mtu kwenda kwao na kurudi. Katika hoteli ndogo mhudumu alipewa chakula na pa kulala, mara nyingi juu ya mabenchi yale yale, na vyote viwili vikahesabiwa ndani ya mshahara. Bakshishi ilikuwa hisani, na hisani haidaiwi. Aliyevunja bilauri alikatwa.

Tanga haikuwa mji wa watu wanyonge. Makuli wa bandari yake waligoma mwaka 1939, na wafanyakazi wengi wa Tanganyika walijifunza kutoka kwa makuli. Lakini mtumishi wa hoteli alikuwa na shida ambayo kuli hakuwa nayo: alifanya kazi peke yake au na wenzake wawili watatu, machoni pa mwajiri, na mara nyingi alilala chini ya paa lake. Watu wa namna hiyo ni vigumu kuungana. Kwa hiyo yafaa tukumbuke kwamba katika migomo mikubwa ya miaka ya 1950, mmoja ulianzishwa na wao. Desemba 1956 chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini kiligoma Dar es Salaam, na wafanyakazi wa kazi nyingine wakawaunga mkono. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Habari za waliobeba sahani wakaziweka chini zilifika kila mji uliokuwa na hoteli na reli.

Baada ya Uhuru mambo mengi yalibadilika kwa haraka. Vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kuwa NUTA mwaka 1964, na katika mwaka huo huo sheria ya usalama wa kazi ikamzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira ya siku moja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge; mwaka 1971 yakafuata majengo makubwa ya kupangisha, na wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa mjini Tanga wakafunga milango na kuhama. Neno boi lilitoweka polepole, likaja neno ndugu. Meza za hoteli kubwa zikawa wazi kwa kila aliyeweza kulipa. Siyo haki, hata hivyo, kuficha upande wa pili. Katika baadhi ya hoteli zilizosimamiwa na mashirika, mhudumu aliyekuwa amekatazwa kudharauliwa alijifunza naye kumdharau mteja, na jibu la hakuna likawa jepesi kuliko la subiri. Heshima ya kazi ilipatikana katika sheria kabla ya kupatikana katika ufundi wa kazi yenyewe.

Upungufu wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda, uliipiga hoteli ya Ngamiani mahali pake pa uhai: unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia. Hoteli isiyo na sukari haina chai, na isiyo na chai haina watu asubuhi. Tena mkonge wenyewe ulikuwa ukianguka. Tanganyika iliyouza tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, nchi ya tani chache zisizofika 40,000. Kamba za nailoni zilikuwa zimeshusha bei duniani tangu miaka mingi. Mshahara wa mume haukutosha wiki mbili, na hapo mwanamke akatoka na sufuria.

Jina lake lajieleza. Mteja hunyoosha sahani na kusema: mama, nitilie. Nitilie wali, nitilie mchuzi, ongeza kidogo. Kwa kulikatakata neno hilo, wakazi wa miji wakapata mama ntilie. Mtaji wake ulikuwa mdogo: sufuria mbili, mafiga au jiko la mkaa, sahani kumi na ndoo ya maji; aghalabu ulitokana na upatu uliochezwa na wanawake wa mtaa. Alipika kile kilichopatikana, si kile kilichoandikwa ubaoni, na kwa hiyo alisimama pale hoteli ilipoanguka. Aliwakopesha makuli na madereva hadi mwisho wa mwezi, akiandika madeni katika daftari la shule, au kichwani tu. Asiyelipa alimla mtaji wake wote. Ndani ya kazi hiyo palikuwa na uzito ambao sifa za siku hizi hazipendi kuutaja: kuamka saa tisa usiku, moshi machoni, na binti aliyebakizwa nyumbani asiende shule ili aoshe vyombo.

Na tazama jinsi Serikali ilivyompokea. Sheria ya mwaka 1983 ya kuwapatia watu kazi, ambayo wananchi waliijua kwa jina la Nguvu Kazi, ilitaka kila mtu mzima awe na kazi inayotambulikana. Nia ilikuwa kupunguza wazururaji mijini na kuongeza wakulima. Lakini katika mizani ile muuza chakula wa kando ya barabara alionekana hana kazi, ilhali waliokuwa wakimkamata walikuwa wamekula kwake mchana. Lawama za wananchi zikawa nyingi, na baada ya muda wafanyabiashara wadogo wakaanza kupewa leseni. Hata hivyo kila kipindupindu kilipozuka mijini, sufuria za kwanza kumwagwa zilikuwa zake. Sikatai kwamba maji machafu huua. Nasema tu kwamba bomba la maji lingaliweza kuletwa gengeni mapema kuliko askari wa halmashauri.

Biashara ilipolegezwa masharti kuanzia mwaka 1984, sukari na unga vilirudi, hoteli za Ngamiani zikafufuka, na mama ntilie hakuondoka. Wengi sasa humwita mama lishe, jina lenye heshima zaidi, nao wanaume waliojiunga na kazi hiyo huitwa baba lishe. Viazi vya kukaanga na mayai vimewavuta vijana kutoka kwenye mbaazi na chapati. Supu ya pweza huuzwa jioni kando ya njia, kikombe kwa kikombe.

Mwaka 2004 ilitungwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Humo imeandikwa kwamba saa za kazi za kawaida zisipite 45 kwa wiki, kwamba mwajiriwa apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi, apate siku ya kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Na mwanamke ajifunguapo apate siku 84 za malipo. Mpishi wa hoteli kubwa aweza kuishika sheria hiyo mkononi na kudai. Mwalimu anayefundisha somo la uraia katika shule za Tanga na awatume wanafunzi wake, wakiwa na daftari na adabu, katika magenge ya karibu na stendi ya mabasi na soko, wakaulize maswali machache: nani ameajiriwa na nani, tangu lini, kwa saa ngapi, na kama kuna karatasi. Wataambiwa kwamba mwenye sufuria hana mwajiri, na kwamba msichana anayeosha sahani ni mtoto wa ndugu yake, amekuja kutoka kijijini kumsaidia, na hula hapo hapo.